Makofi ya Upande wa Pili

Asubuhi ya Jumanne fundi sauti alisafisha mashine ya kanda kwa pamba iliyochovywa spiriti, akaiacha ikauke, akanywa chai yake akiwa amesimama dirishani. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na kuta zake zilifunikwa mazulia ya zamani ili kelele za barabarani zisipenye. Alikuwa mwanamke wa makamo, mama wa watoto waliokwisha kujitegemea, na kazi yake ilikuwa kusafisha muziki wa zamani. Aliondoa mikwaruzo na mivumo, kisha kampuni ikautoa upya kwenye santuri kwa ajili ya watu ambao bado wanapenda kuona kitu kikizunguka wanaposikiliza.

Mezani palikuwa na kanda ya onyesho la jazi la watu watatu: piano, besi na dramu. Lilirekodiwa miaka mingi nyuma, alasiri ya Jumapili, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa posta. Mpiga piano aliitwa Vidole. Mpiga besi, ambaye aliinama kila alipopita mlangoni, aliitwa Mlingoti. Mpiga dramu aliitwa Kimya, na huo ulikuwa utani tu. Kimya na Mlingoti walikuwa wameshafariki. Vidole alikuwa hai. Nyimbo za upande wa kwanza zilikuwa za watu wengine, zilizojulikana tangu zamani. Za upande wa pili zilikuwa zao wenyewe, na kwenye jalada la kwanza iliandikwa kwamba mtunzi wa zote ni Vidole.

Jambo lililomsumbua fundi lilikuwa makofi. Jana yake, wimbo wa mwanzo wa upande wa pili ulipokwisha, ukumbi ulipiga makofi kwa muda wa kutosha mtu kuvaa koti na kulivua. Leo makofi yaleyale yalikuwa mafupi, tena ya mikono michache. Alidhani kanda inateleza. Akabadilisha mpira unaozungusha mashine, akajaribu tena, na makofi yakawa mafupi vilevile.

Karani wa mapokezi akaingia kuazima mkasi. Akasimama kidogo kusikiliza. Wimbo ulipokwisha, ukumbi ukapiga makofi ya kutosha, na mtu mmoja wa nyuma akapiga mluzi.

"Mbona iko sawa," karani alisema, akatoka na mkasi.

Fundi akarudisha kanda. Mluzi haukuwepo.

Hapo alielewa kwamba ukumbi unatazama nani yuko chumbani. Alilielewa hilo kama mtu anavyoelewa kwamba mlango fulani hufunguka kwa kuvutwa wala si kwa kusukumwa, na kuanzia hapo akawa na hamu ya kujua zaidi. Kila aliyepita alimwita ndani. Meneja wa kampuni alipokaa, ukumbi ulimpigia makofi ya heshima, kama yale apewayo mgeni rasmi baada ya hotuba ndefu. Fundi umeme aliyekuja kurekebisha soketi alipokelewa kwa kicheko. Mume wa fundi sauti alipokuja kumchukua jioni, ukumbi ulikohoa, mtu akanong'ona jambo, halafu ndipo wakapiga makofi.

"Wana nini na mimi hawa?" mume akauliza.

"Hawana neno. Umefunga vifungo vya shati upande."

Akajitazama, akavifungua vifungo vyote na kuvipanga upya. "Wana macho," alisema.

Meneja alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu, kama hali hiyo itaingia kwenye santuri yenyewe au itabaki kwenye kanda. Kiwanda kikaleta santuri ya majaribio. Waliiweka kwenye sahani, wakateremsha sindano, wakamwita karani. Mluzi ukasikika pale pale. Meneja akafurahi, kwani hiyo ilionyesha kwamba mashine si mbovu na hakuna haja ya kununua nyingine.

Ikabaki kumwita Vidole aje kusikiliza na kukubali.

Alikuja amevaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi, na kofia mkononi. Uzee ulikuwa umempunguza kila mahali isipokuwa vidoleni. Alisalimia kila mtu, kuanzia karani mpaka mwenye duka la baiskeli, akapewa kiti kizuri. Upande wa kwanza ukumbi ulimshangilia kwa nguvu. Kwa hakika alikuwa mpiga piano hodari. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukichelewa kidogo kwa makusudi, kama mtu anayejua atasubiriwa. Mzee alitabasamu akipigapiga goti.

Upande wa pili ulipoanza, akaacha kupiga goti. Wimbo wa mwanzo ukaisha, na ukumbi haukupiga makofi. Haikuwa kwamba watu wameondoka. Mtu alisikika akiweka chupa mezani, kiti kikalia, mtoto wa nyuma kabisa akauliza kitu akanyamazishwa. Walikuwepo wote, wamekaa tu. Ikawa hivyo wimbo baada ya wimbo.

"Hawajabadilika," Vidole alisema.

"Akina nani, mzee?" fundi akauliza.

Akaonyesha spika kwa kidevu. "Hao."

"Mna ugomvi nao?"

"Ugomvi hatuna. Siku ile walikuja kusikiliza, wakasikiliza mno." Akaomba sukari zaidi kwenye chai, akakoroga kwa muda. "Hebu niambie, mama. Hicho kimya unaweza kukitoa?"

"Huwa natoa kelele, mzee. Kimya sijawahi."

"Jaribu."

Fundi alijaribu kwa sababu aliombwa vizuri, na kwa sababu yeye mwenyewe alitaka kuona itakuwaje. Alinakili makofi ya upande wa kwanza, akayabandika mwisho wa nyimbo za upande wa pili, yakakaa barabara. Alipotoka kwenda kula na kurudi, yalikuwa yamerudi kwao. Alijaribu tena kwa njia nyingine, yakarudi tena. Akayaacha.

Jalada la zamani lilikuwa na kasoro yake: Mlingoti hakuonekana pichani ila kiwiko na shingo ya besi. Kampuni ilitaka picha yake nzima kwa ajili ya toleo jipya, ikampigia simu binti yake, aliyekuwa na duka dogo la miwani karibu na kituo cha treni. Akaja mwenyewe asubuhi moja, picha ikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa na urefu wa baba yake. Aliinama mlangoni bila kufikiri, akamsalimia fundi, akakaa pale alipoonyeshwa, kwa kuwa meneja alikuwa kwenye simu.

Santuri ya majaribio ilikuwa ikizunguka, upande wa pili. Wimbo ukafika mwisho.

Viti vilisikika vikisukumwa nyuma vyote kwa pamoja. Ukumbi mzima ulisimama. Makofi yakaanza, yakapanda, yakawa kama mvua inapolifikia bati, watu wakipiga na miguu juu ya mbao. Sindano ilifika kwenye mfereji wa mwisho, ambako hakuna kitu kilichorekodiwa, ikawa inazunguka hapo, na makofi yakaendelea. Fundi akainua sindano. Makofi yakaendelea bado kwa kitambo, kisha yakapungua, watu wakasikika wakivuta viti na kukaa.

Binti wa Mlingoti alikuwa ameikamata bahasha kwa mikono miwili.

"Huwa wanafanya hivi?" akauliza.

"Kwako tu," fundi alisema. "Tumejaribu watu wengi."

Yule binti akafikiri. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kazi yake ilimzoesha kumpa mtu lenzi moja, kisha nyingine, na kungoja aseme ipi ni bora.

"Si mimi," alisema hatimaye. "Ni baba. Hizi nyimbo ni zake."

"Zote?"

"Za upande huu. Hii ya sasa hivi aliitunga nilipougua surua. Nilikuwa nimefungiwa chumbani nisiwaambukize wenzangu, yeye akakaa nje akawa anaigonga kwenye mlango wa kabati. Baba alikuwa hajui kuandika muziki. Baba mdogo Vidole anajua. Basi baba alikuwa anaimba, baba mdogo anaandika, pale pale kwenye meza yetu ya kulia, mama akiwaambia waondoe karatasi zao apakue."

"Na jalada likatoka vile."

"Likatoka vile. Mama akasema tuache, watu watasema tuna tamaa. Baba naye hakuwa mtu wa kudai. Halafu akafa." Akatazama spika. "Lakini hawa walijua. Kabla ya kila wimbo aliinama kwenye kipaza sauti akawaambia ameutoa wapi. Nilikuwa nimekaa mbele, miguu haifiki chini."

Fundi akakumbuka kwamba kabla ya kila wimbo wa upande wa pili kanda ilikuwa imekatwa na kuungwa. Iliungwa vizuri sana, na yeye alidhani ni matengenezo.

"Umewahi kumwambia mzee?"

"Huja dukani kwangu kubadilisha miwani," binti alijibu. "Tunaongea mambo ya macho."

Siku zilizofuata fundi hakutulia. Mumewe alimwambia anakula huku anaitazama chumvi kama vile itasema kitu. Alichotaka kujua kilikuwa kidogo, nacho kilimkosesha raha: ukumbi utafanya nini ukiwaona wote wawili? Kwa hiyo siku Vidole alipopaswa kuja kutoa kibali chake cha mwisho, fundi alimpigia simu mwenye duka la miwani aje siku hiyo hiyo kuchukua picha, maana walikuwa wameshainakili.

Wakakutana ngazini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Miwani inanivuta sikio hili."

"Ilete dukani nitaikunja kidogo."

Wakaingia pamoja, wakakaa kiti na kiti. Meneja naye akaja, akasimama karibu na mlango. Fundi akateremsha sindano upande wa pili. Piano ikaanza, besi ikaingia chini yake, dramu ikafuata kwa brashi badala ya vijiti. Binti wa Mlingoti aliinamisha kichwa kila besi ilipopanda, kama mtu anayeitikia mazungumzo. Wimbo ukaisha.

Safari hii ukumbi haukupiga makofi wala haukukaa kimya. Sauti ya mwanamke, katikati ya ukumbi, ilisema bila hasira, "Mtunzi asimame."

Mwanamume mwingine akaitikia, "Asimame tumwone."

Wengine wakaunga mkono. Vidole, ambaye amekuwa akiitikia neno hilo maisha yake yote, alisimama. Alifunga kifungo cha koti, akaziinamia spika kidogo, akabaki amesimama. Ukumbi ulikuwa unangoja. Ilisikika wazi, kwa namna nguo zilivyokuwa zikichakacha, kwamba watu wanatazama kandokando yake wakimtafuta mtu mwingine. Mzee hakukaa. Huenda hakujua akae vipi. Santuri ilizunguka, naye akashika mgongo wa kiti chake.

Binti wa Mlingoti alimtazama kama alivyowatazama wateja ambao fremu zao zimepinda.

"Kaa, baba mdogo," alisema. "Utachoka."

"Asante, mwanangu," Vidole alisema, akakaa.

Ukumbi ulinong'onanong'ona mpaka sindano ikafika mwisho. Meneja akakohoa. "Sauti ni safi sana," alimwambia fundi. "Hongera."

Ndipo binti aliposema alichokuwa amekiweka miaka yote, na alikisema kwa sauti ile ile aliyosalimia nayo ngazini. "Meneja, naomba jina la baba liandikwe. Upande huu. Mtunzi."

Meneja akamgeukia Vidole. Vidole alikuwa anatazama mikono yake.

"Ninyi hamjui kazi ilivyokuwa," mzee alisema. "Yeye alikuwa na milio. Leo anao mmoja, kesho ameusahau, keshokutwa anakuja na mwingine. Bila mimi ingebaki milio tu."

"Sawa," binti alisema. "Basi waandike milio ni yake."

Mzee aliizungusha kofia magotini, fundi akadhani atakubali.

"Watu wameshazoea," Vidole akasema. "Acheni ilivyo."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimwita mwanasheria wa kampuni, akamfungia chumbani na santuri. Mwanasheria alitoka baada ya upande mzima, akasema ukumbi ulimkoholea tangu mwanzo hadi mwisho, ila hilo halikumsumbua, mahakamani amezoea. Alieleza kwamba hana shaka watu wale wanasema kweli. Shida ni kwamba hawafai kuwa mashahidi. Hawana anwani, wengi wao wamefariki, na hata walio hai wanasikika wakiwa na umri wao wa siku ile, kwa hiyo haiwezekani kuthibitisha kwamba ni wao.

"Wakiulizwa tena?" binti akauliza.

"Watajibu tena, mama. Ila makofi hayana kitambulisho."

Santuri ikatoka. Picha ya Mlingoti iliwekwa ndani ya jalada, kubwa, mwili mzima, amesimama na besi yake kama watu wawili wa familia moja. Chini yake iliandikwa: Mlingoti, besi. Nyuma ya jalada iliandikwa kama ilivyoandikwa tangu mwanzo. Mwandishi mmoja wa gazeti alisifu kazi ya Vidole, akasema moyo wa mtunzi unasikika hasa pale besi inapobaki peke yake.

Wanunuzi waligundua haraka kwamba santuri haipigi makofi sawasawa kila nyumba. Mama mmoja alilalamika kwamba anashangiliwa mkwewe tu. Mwalimu wa hesabu alisema kwake wanapiga kwa mpangilio mzuri, naye ameridhika. Kampuni ikachapisha kibandiko kidogo chenye maneno, "Makofi hutegemea aliyepo," ikakibandika kwenye pembe ya jalada, malalamiko yakaisha. Hakuna aliyerudisha nakala yake.

Katika sherehe ya uzinduzi Vidole alipiga nyimbo za upande wa pili pamoja na vijana wawili, na watu walio hai, ambao walikuwa wameshasoma jalada, walisimama wakamshangilia. Binti wa Mlingoti alikuwa safu ya pili. Naye alipiga makofi, kwa sababu wimbo ulikuwa wa baba yake na ulikuwa umepigwa vizuri. Jirani yake, bwana mmoja aliyekuwa na mkewe, alimwinamia akamwambia kwamba huyu mzee ana kipaji cha kutunga.

"Anapiga vizuri sana," binti akajibu.

Fundi sauti, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma, aliona wale wawili wakiongea, ila hakusikia walichosema. Kesho yake alianza kanda nyingine, ya kwaya ya wauguzi, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Dukani kwake binti wa Mlingoti aliweka mashine ndogo ya santuri juu ya kabati la fremu. Alikata lenzi huku santuri ikicheza, na kila wimbo wa upande wa pili ulipokwisha ukumbi ulisimama. Wateja wakazoea kungoja makofi yatulie kabla ya kueleza shida ya macho yao, maana kuzungumza wakati wale wamesimama kulionekana si adabu. Wengine waliuliza ni kwa ajili ya nani. "Ya baba," alisema, na wao wakasema hongera, wakakaa.

Alasiri moja Vidole akaingia, miwani mkononi. Makofi yalikuwa yamepamba moto. Alipovuka kizingiti yakakatika, na dukani pakawa kimya hata saa ya ukutani ikasikika. Binti aliinua sindano, akaigeuza santuri upande wa kwanza, na baada ya muda wakampigia mzee makofi ya haki yake. Mzee akavua kofia.

"Bado inavuta sikio," alisema. "Na vya karibu sivioni vizuri siku hizi. Maandishi yananikimbia."

Binti alimkalisha kwenye kiti cha kupimia, akampima jicho moja, akampima la pili, akabadilisha lenzi mara kadhaa akimuuliza ipi ni bora, hii au hii. Mzee alijibu kwa uangalifu. Fremu ilipokaa sawa, binti alitafuta kitu chenye maandishi madogo cha kumsomesha. Gazeti la siku hiyo alikuwa amelifungia fremu za mteja. Akachukua jalada la santuri, akaligeuza nyuma, akampa.

"Soma mstari wa chini kabisa."

Vidole akaliweka mbali, akalisogeza karibu, akalipata.

"Nyimbo zote za upande wa pili," akasoma polepole, "mtunzi, Vidole."

"Herufi hazikimbii?"

"Hazikimbii."

"Zimetulia?"

"Zimetulia, mwanangu. Naziona zote."

"Basi lenzi ni yenyewe," binti alisema, akamsaidia kuinuka.